Magoti ya Ng'ombe

Jumatatu, 3 Machi

Nimedanganya. Si sana. Kidogo tu, mbele ya watu watatu.

Ilikuwa mezani, tunakula. Binti yangu ana miaka minane na humhoji mtu mpaka jasho limtoke, ndiyo maana tunamwita Wakili. Akauliza: katika ile filamu yetu ya wanyama wa shambani, mnyama wangu ni yupi? Swali la haki kabisa. Mke wangu akanitazama. Mama mkwe, anayekaa nasi tangu magoti yaanze kumsumbua, akaacha kutafuna. Nikajisikia nikisema: ng'ombe.

Ng'ombe!

Niandike ukweli hapa, maana daftari hili halisomwi na mtu. Filamu yetu ni ya nusu saa, ya kutazamwa na familia nzima, na itaonyeshwa kwenye televisheni Jumamosi tarehe 26 Aprili, saa moja jioni. Waigizaji wote ni vikaragosi. Unamsogeza kikaragosi kidogo, unapiga picha. Unamsogeza tena kidogo, unapiga nyingine. Picha kumi na mbili zinakupa sekunde moja, na mgongo unaouma. Hadithi yenyewe: ng'ombe anaogopa mvua, hataki kutoka zizini, na shamba zima linambembeleza. Kwa hiyo ng'ombe ndiye nyota. Naye anasogezwa na kijana mwenzangu tunayemwita Mkono Tulivu. Mimi nasogeza wale wa nyuma: kondoo watatu, bata bukini mmoja, na kuku ambaye haonekani vizuri kwa sababu ya ndoo.

Miaka saba nimo kwenye studio hii. Mkono Tulivu amefanya kazi hapa miaka miwili tu! Na ananiita kaka mkubwa. Huo ni uchokozi.

Wakili ameshamwambia mwalimu wake. Mwalimu ameshatangaza darasani. Watoto thelathini na wanne wanasubiri kumwona ng'ombe wangu.

Ila mwanya upo. Tukio la mwisho halijapigwa bado: ng'ombe anatoka zizini, anasimama kwenye mvua, anainua kichwa. Sekunde arobaini nzima. Nikilipata tukio hilo, basi sikudanganya. Nilitoa taarifa mapema tu. Kesho naanza mikakati.

Jumanne, 4 Machi

Mkakati wa kwanza. Rahisi, safi, haumdhuru mtu: Mkono Tulivu apate kupumzika.

Asubuhi nimepita mezani kwake nikamwambia macho yake mekundu. Baada ya saa moja nikapita tena, nikatikisa kichwa, nikamuuliza kama kwao kuna mwenye presha. Saa nne akaweka koleo lake chini, akaenda duka la dawa. Nikasugua viganja. Nikaanza hata kupiga mluzi.

Saa tano huyo karudi, buheri wa afya. Mwenye duka kampima, kamwambia anywe maji zaidi. Tena kaniletea na mimi chupa! Halafu akamwambia Bi Mwongozaji, mbele ya watu wote, kwamba mtu anayewaonea wenzake huruma kiasi hiki kwa kawaida huwa anaficha maradhi yake mwenyewe. Bi Mwongozaji akavaa miwani, akanikagua kutoka unyweleni hadi viatuni. Akasema kweli, nimepauka, na jasho linanitiririka. Jasho la hasira lile! Nikarudishwa nyumbani saa sita mchana.

Mama mkwe amenichemshia supu na kusimama mlangoni kuhakikisha naimaliza. Nimelala chini ya mablanketi mawili. Joto nyuzi thelathini na mbili.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Wakati nimelazwa kwa nguvu, Mkono Tulivu amewasogeza kondoo wangu. Eti nisije nikachelewa! Sekunde nne. Nimezitazama kwenye skrini mara sita nikitafuta kosa. Sikuliona. Kibaya zaidi, kondoo wa katikati anapepesa macho. Miezi mitano nimekuwa na kondoo huyo na sikujua kama ana kope.

Nimemshukuru, meno nimeyauma.

Baada ya hapo nikaona mikakati ya pembeni haifai, bora nipite mlango wa mbele. Nikaingia kwa Bi Mwongozaji. Nikamwambia kwamba ng'ombe anayesimama mvuani ni jambo zito, linataka mtu aliyeyaona maisha. Nikasema Mkono Tulivu ni kijana mzuri, hodari, ila hajawahi kunyeshewa ipasavyo. Bi Mwongozaji hakucheka. Alisonya kidogo, akazungusha kalamu, akasema basi tufanye jaribio. Jumatatu kila mmoja atamsogeza ng'ombe sekunde tatu: hatua moja mbele, kisha kichwa juu. Mkono Tulivu asubuhi, mimi mchana. Atakayefanya vizuri zaidi ndiye atakayepewa tukio la mwisho.

Moyo umeniruka! Nimetoka ofisini kinyumenyume, nikagonga mlango.

Wakili ameniuliza jioni ng'ombe wangu ana meno mangapi. Nimemwambia hiyo ni siri ya kazi. Ameandika kwenye karatasi.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbili namchunguza ng'ombe kwa macho, maana kumgusa bado siruhusiwi. Leo Mkono Tulivu alipotoka kidogo nikamgusa. Magoti yake magumu! Unasukuma, yanagoma, halafu yanaruka. Kwa magoti kama hayo mtu atafanyaje hatua laini?

Nikaenda kwa fundi wa vikaragosi. Huyu ndiye aliyemtengeneza ng'ombe: mifupa ya waya, viungo vya chuma, nyama ya sponji, ngozi ya kitambaa. Ni mwanamke wa maneno machache, na hayo machache huyatoa kama anayang'oa. Nikamuuliza kuhusu magoti. Akasema viungo vimekazwa makusudi, ili... Hapo simu yangu ikaita, nikatoka kuipokea. Lakini nilishapata nilichokitaka. Vimekazwa! Yaani mtu amekaza, na mtu anaweza kulegeza.

Mafuta ya mashine yamo stoo, na stoo lazima usaini. Sitaki saini yangu ionekane karibu na magoti ya ng'ombe.

Jioni nimekaa sebuleni nimeshika tama. Mama mkwe yupo kwenye kiti chake, anajipaka ile dawa yake ya kuchua. Anamimina kiganjani, anasugua goti la kulia, anasugua la kushoto. Kisha akainuka. Hakushika kiti! Hakuguna! Akaenda zake jikoni kama msichana.

Nikaitazama chupa. Chupa ikanitazama.

Jumapili, 9 Machi

Chupa imo mfukoni mwa koti. Mama mkwe ameulizia mara moja tu. Nimefanya mazoezi meza ya jikoni kwa kuisogeza chupa ya chumvi, hatua moja mbele, kichwa juu. Chupa ya chumvi imetembea vizuri mno. Mke wangu amesema kama nimemaliza, watu wanataka kuweka chumvi kwenye chakula.

Najisikia mshindi. Nimelala mchana saa nzima bila wasiwasi wowote.

Jumatatu, 10 Machi

Nitaandika yote, kwa mpangilio, kwa utulivu.

Asubuhi Mkono Tulivu alifanya jaribio lake. Ng'ombe akapiga hatua, akainua kichwa. Basi. Bi Mwongozaji akasema mm. Bi Mwongozaji hasemagi mm. Nikajua lazima nijikaze kisabuni.

Saa ya chakula wote wakatoka. Nikabaki, nikasema nimefunga. Nikafungua zipu ndogo za kwenye ngozi ya ng'ombe na kutia dawa: matone manne kila goti la mbele. Kisha nikaona si vizuri kubagua, nikatia na ya nyuma. Kisha chupa ikaniteleza. Harufu ilikuwa kali hata machozi yakanitoka, nikampepea kwa kurasa za hadithi hadi waliporudi.

Mchana nikaanza. Jamani, ulaini ule! Ng'ombe alisogea kama maji. Nikapiga picha ya kwanza, ya pili, ya kumi. Ilipofika ya ishirini niliona kama ng'ombe amekuwa mfupi, lakini nikafikiri ni mimi ninayesimama wima kwa kujiamini. Nikamaliza picha zote thelathini na sita. Nikajifuta uso. Tukakusanyika kwenye skrini.

Ng'ombe anainua mguu. Vizuri. Anainua kichwa. Vizuri sana! Halafu, taratibu, kwa heshima zote, anakaa. Kisha analala. Kisha anaweka kidevu chini. Sekunde tatu, na ng'ombe yupo chini kama mtu aliyepokea habari za msiba.

Bi Mwongozaji akanusa. Fundi wa vikaragosi akanusa, akainama, akanusa tena. Akasema ng'ombe huyu ananuka kama bibi yake. Akafungua ngozi, akachungulia, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akitoa sentensi ndefu: viungo hukazwa ili mnyama abaki pale ulipomwacha, na aliyevimiminia dawa ya kuchua amemwondolea ng'ombe uwezo wa kusimama. Itabidi achanwe mwili mzima, kila kiungo kioshwe kwa spiriti. Siku mbili.

Bi Mwongozaji akauliza ni nani. Nikawa naichunguza dari. Dari ya studio yetu ina doa karibu na taa. Mkono Tulivu alikuwa amesimama bega kwa bega nami, na niliona pua yake ikicheza, ikielekea mikononi mwangu. Nikajua yamekwisha. Akasema labda ni joto la taa.

Joto la taa! Mjanja huyu. Anaiweka akiba, aje aitumie siku nyingine.

Nyumbani mama mkwe kauliza nani kamaliza dawa yake. Nikasema dawa za siku hizi zinakauka zenyewe. Mke wangu ni muuguzi. Amenitazama, kisha akaniambia ninawe mikono.

Jumanne, 11 Machi

Nimeitwa na Bi Mwongozaji. Nimekwenda roho mkononi, nimeshajiandaa kufa kiume. Nilikuwa na hotuba. Sehemu ya kwanza ilihusu joto la taa.

Hakuuliza. Alisema ya jana ni ya jana. Tukio la mwisho atalifanya Mkono Tulivu. Ila kwa kuwa ng'ombe yumo kwenye beseni la spiriti na studio haiwezi kukaa bure siku mbili, amekaa jana akaitazama hadithi upya. Anaona kuna pengo. Ng'ombe hawezi kutoka tu ghafla. Lazima mtu atangulie. Kwa hiyo bata atatoka kwanza. Peke yake, mbele ya kamera, sekunde kumi na moja. Bata ni wangu, na kazi hiyo ni yangu.

Nimeelewa mara moja. Adhabu! Miaka saba ya utumishi, na natupwa nje kwenye mvua na bata bukini.

Mkakati mpya: nimmalize bata leo leo, haraka haraka, ili ng'ombe akikauka niwe huru kumwendea Bi Mwongozaji tena. Picha mia moja thelathini na mbili. Nimeanza saa tatu na dakika tano, fulana nyeusi mwilini, maana nguo ya rangi huakisi mwanga wake kwenye kikaragosi. Saa nne nilikuwa nimepiga picha nane. Bata hataki kuharakishwa. Ukimsukuma haraka anaonekana kama anavutwa na kamba. Nimefuta zote nane, nikaanza upya.

Jumatano, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mvua yetu ni matone ya gliserini juu ya kioo kilicho mbele ya kamera, na kila tone linasogezwa kwa sindano. Unasogeza matone, unasogeza bata, unarudi nyuma, unapiga picha. Hakuna kukohoa. Hakuna kutembea karibu na meza. Unashika pumzi bila kujua kuwa umeishika.

Nilimweka bata kizingitini. Nilikusudia atoke tu, moja kwa moja. Hakutoka. Aliweka mguu mmoja nje, akaurudisha. Akatazama kushoto. Akageuka kana kwamba amesahau kilichomleta. Akaweka mguu tena. Sikupanga hayo, vidole tu vilikwenda. Kisha akatoka, akapigwa na tone la kwanza kichwani, akajikunja, akajikunjua. Picha za mwisho kumi na nne anageuka kumtazama ng'ombe aliyebaki ndani. Shingo ile niliisogeza kwa upana wa ukucha, mara kumi na nne.

Sikula chakula cha mchana. Sikujua kama saa ya chakula imepita. Mkono Tulivu alisimama mlangoni, mbali, asitikise sakafu, akawa anawazuia watu kuingia kwa kuinua mkono tu. Nusu saa nzima. Alikuwa ananipeleleza, nadhani.

Nilipoirudisha yote kwenye skrini nikafuta macho. Studio ina vumbi.

Nimefurahi leo. Naandika hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kwa muda wa saa tano hivi hata ng'ombe nilimsahau.

Kisha nikamkumbuka.

Ijumaa, 21 Machi

Mkono Tulivu amemaliza sekunde arobaini zake. Ng'ombe anatoka, anasimama mvuani, anainua kichwa, anafumba macho. Fundi wa vikaragosi alilia. Bi Mwongozaji alisema mm mara mbili. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, ili mtu asije akasema.

Basi, njia ya heshima imefungwa. Imebaki ya majina. Mwisho wa filamu kuna orodha ya majina, na anayeiandika ni mhariri, mtu mpole anayependa kuongozwa. Nimemkalia mezani. Nikamweleza kwamba kwa haki kabisa, mchango wangu kwa ng'ombe upo, tena upo ndani kabisa ya ng'ombe. Nikapendekeza iandikwe: Ng'ombe: Mkono Tulivu; Magoti ya Ng'ombe: mimi. Hapo Wakili akisoma, kesi imekwisha.

Mhariri akaona ni sawa, ila akasema kwanza amuulize Bi Mwongozaji. Jibu limekuja baada ya dakika mbili. Bi Mwongozaji anakubali kwa moyo mweupe, alimradi nimweleze kwa maandishi niliyafanyia nini magoti ya ng'ombe.

Nimeliondoa ombi.

Jumatano, 23 Aprili

Zimebaki siku tatu. Wakili amechora ng'ombe na kumbandika kwenye jokofu. Chini ameandika: Huyu ni Baba. Kila nikitaka maji ya baridi namkuta ananitazama.

Nimepata ufumbuzi. Kama televisheni haipo, filamu haipo. Kama filamu haipo, mimi ni ng'ombe milele. Asubuhi, wote wakiwa jikoni, nikachomoa waya wa antena nyuma ya televisheni na kuuficha chini ya zulia. Jioni televisheni ikaonyesha chenga tupu. Nikasikitika kwa sauti. Nikasema ni bahati mbaya tu, tutaitazama mwakani wakiirudia.

Mama mkwe akasema hakuna shida, jirani ana televisheni kubwa mara mbili ya yetu. Akanyanyuka hapo hapo, magoti na yote, akaenda kuuliza. Jirani akakubali na kuongeza kwamba atawaalika wafanyakazi wenzake pia. Ukumbi mzima! Nikaona bora nusu shari. Nikaingia nyuma ya televisheni, nikachomeka waya, nikatoka na vumbi puani nikitangaza kuwa nimeitengeneza.

Wakanipigia makofi. Mama mkwe hajawahi kunipigia makofi. Wakili akakimbia kumpigia simu mwalimu kumwambia baba yake ni fundi pia. Mwalimu akasema basi yeye na watoto wanaokaa mtaa wetu watakuja kutazamia kwetu. Watoto kumi na mmoja.

Maji yapo shingoni. Lakini siku tatu ni nyingi. Wengi wameokoka kwa siku mbili.

Jumamosi, 26 Aprili

Wageni wameondoka sasa hivi. Bado kuna makombo kwenye zulia.

Saa moja kamili sebule ilikuwa imejaa. Watoto kumi na mmoja sakafuni, mwalimu kwenye kiti changu, mama mkwe kwenye chake, mke wangu amesimama. Wakili mbele kabisa, magoti ameyakumbatia. Mimi nilijibanza karibu na mlango kwa sababu zinazoeleweka.

Ng'ombe akatokea. Vichwa kumi na moja vikanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu mwenye ng'ombe. Mtoto mmoja akauliza ninamfanyaje apepese macho. Nikasema subira. Wakili hakugeuka. Kila ng'ombe alipopiga hatua, alikuwa anainamisha kichwa upande mmoja, vile anavyofanya akikuta kitu hakijakaa sawa. Nikaanza kusikia joto masikioni. Nikahesabu dakika.

Ikafika mvua. Zizi likafunguka. Bata akasimama kizingitini, akaweka mguu nje, akaurudisha. Akatazama kushoto. Akageuka.

Wakili akasimama wima. Akanyoosha kidole. Akasema, "Huyu! Huyu ndiye Baba!"

Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba baba ni ng'ombe. Wakili akakataa katakata. Akasema mtazameni anavyotembea, ni Baba akitafuta funguo. Anakwenda, anarudi, anasahau, anakwenda tena.

Nyumba nzima ikacheka. Mke wangu alijishikilia kwenye pazia. Mama mkwe, ambaye mbele yangu huwa anajiheshimu sana, alijifunika uso kwa kitambaa na mabega yakawa yanaruka. Alipopata pumzi akasema ni yeye, wallahi, ni mwanangu huyu huyu, hata shingo. Na mimi nikatazama skrini na kwa mara ya kwanza nikaona. Ni mimi kabisa! Nilijisogeza siku mbili nzima bila kujijua.

Ng'ombe wa Mkono Tulivu akatoka mvuani, akainua kichwa, akafumba macho. Watoto wote wakabaki midomo wazi. Kisha majina yakaanza kupita, na Wakili akageuka. Akauliza swali lake kwa sauti ya chini: sasa ng'ombe ni wa nani?

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na matatu. Nilikuwa na moja zuri sana kuhusu wasogezaji wakuu wanaofanya kazi kwa siri. Nikamtazama yule mtoto. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka tu kujua. Nikasema ng'ombe si wangu, ni wa mwenzangu, na ni hodari kuliko mimi. Wangu ni bata. Siku zote ilikuwa bata, na kondoo, na kuku wa nyuma ya ndoo. Nikasema nilidanganya kwa sababu niliona bata ni mdogo.

Wakili akafikiri. Akasema bata naye alikuwa anaogopa, lakini alitoka. Na ng'ombe alitoka kwa sababu alimwona bata. Kwa hiyo bata ndiye bora. Akakaa chini, kesi imefungwa.

Nilifurahi mno! Watoto wakataka nitembee. Nikatembea. Mguu nje, mguu ndani, kushoto, kugeuka. Wakajipanga nyuma yangu wote kumi na mmoja, na mwalimu, tukaizunguka meza mara nne, mama mkwe akipiga makofi ya kutuongoza. Sijawahi kupigiwa makofi kiasi hicho, nikiwa mkweli au vinginevyo.

Nimejiahidi. Kuanzia leo, ukweli mtupu. Mtu mzima hana haja ya kujipamba. Nalala mwepesi kama unyoya.

Jumapili, 27 Aprili

Nimeamka saa mbili, dhamiri nyeupe, jua dirishani. Nimempigia Mkono Tulivu kumshukuru kwa yote, hata kwa joto la taa. Akasema hajui ninaongelea nini, kaka mkubwa. Kijana mzuri sana huyu, sijui kwa nini watu hawamwelewi.

Saa nne mwalimu akapiga simu. Habari za bata zimeenea. Darasa zima, watoto thelathini na wanne, wanaomba kuja studio Ijumaa kumwona kwa macho yao. Nikakubali papo hapo. Wakili alikuwa pembeni, sikio kwenye simu. Mwalimu akauliza, ili aandike barua kwa utaratibu unaotakiwa, mkuu wa studio ni nani.

Wakili alikuwa ananitazama kwa macho makubwa, yenye fahari, macho ya jana. Mtu angefanyaje?

Nimemwambia mwalimu asihangaike na barua. Nitawapokea mwenyewe, ofisini kwangu, ile yenye dirisha kubwa na viti vya ngozi. Nikamwambia pia wasishtuke wakimkuta humo mama mmoja mwenye miwani. Ni katibu wangu, mchapakazi mno, ila wasimzoee.

Wakili ameruka ruka nyumba nzima. Mambo yote yamepangika. Kilichobaki ni jambo dogo tu la kumweleza Bi Mwongozaji, na leo ni Jumapili, nina siku nne kamili.